Benchi la Masale

Abdi, fundi seremala wa Lushoto, alikuwa mtu mwenye akili zake mpaka alipokwenda semina ya samani za asili kule Sigi. Alikwenda fundi, akarudi mbunifu. Jamani, semina zina mambo! Tangu hapo msumari ukawa adui, vanishi ikawa sumu, na akiona meza iliyonyooka alitikisa kichwa kwa huruma. "Msituni umeona kitu kilichonyooka?" aliwauliza wateja waliofuata kabati. Wateja wakahamia kwa Jafari, fundi wa ng'ambo ya barabara, asiye na maswali.

Abdi hakujali. Angel, meneja wa hoteli moja ya wageni, alikuwa ameahidi kuja kuona kazi yake, na akiipenda angempa hoteli nzima aijaze samani. Abdi aliitaka kazi hiyo mpaka chakula kikawa hakipiti. Alitafuta mti ambao Angel hajawahi kuukalia.

Akauona mpakani. Kati ya uwanja wake na shamba la kabichi la mama Zipora ilisimama safu ya masale, ile mimea ya mashina manene ambayo watu wa milimani huipanda kuonyesha kiwanja cha huyu kinaishia wapi. Masale yakishashika mizizi, hakuna wa kubisha. Abdi akayang'oa yote.

"We Abdi! Si mpaka huo?" mama Zipora alipiga kelele kutoka kwenye kabichi zake.

"Shikamoo mama. Mpaka uko moyoni."

"Marahaba. Moyoni mwa nani?"

Abdi akacheka, akaendelea kubeba.

Hakuyakausha yale mashina, maana kwake kukausha kulikuwa kuua. Aliyachimbia ardhini, mabichi vilevile, kando ya mlango wa karakana, akaweka ubao juu yake. Masika yakaingia, na masale hayajui semina: yakashusha mizizi, yakatoa majani. Abdi nusura alie kwa furaha. "Benchi hai!" Kila mpita njia aliitwa, akakalishwa, akahutubiwa.

Alipomaliza kuhutubia akageuka, akakuta mama Zipora anapanda kabichi katikati ya uwanja wake. Ebo! Akakimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Hamisi. Mkosi wake, mzee Hamisi alifika siku ileile aliyofika Angel.

"Mama Zipora, mbona umeingia kwa mwenzio?" mwenyekiti aliuliza.

"Mpaka kaung'oa mwenyewe, akaniambia uko moyoni. Basi nimefuata moyo."

Abdi hakusikia. Angel alikuwa amelishika benchi, macho yanamng'aa. "Fundi, haya mashina umeyatoa wapi?"

"Ni masale ya babu yangu, dada! Aliyapanda kwa mkono wake. Sikuyaua, sikuyabadilisha. Unayoyaona ndiyo yaleyale."

Mzee Hamisi akainama, akavuta shina moja. Halikutikisika.

"Yaleyale ya mpakani?"

"Yaleyale, mzee!" Abdi alijibu, kifua mbele.

"Sasa umeniitia nini? Mpaka si huu hapa?"

"Mzee, hilo ni benchi!"

"Lina mizizi, lina majani, na umelitolea ushahidi mwenyewe mbele ya mgeni." Mzee akajipangusa udongo mikononi. Alikuwa na kesi nyingine ya mbuzi.

Uwanja wote ukawa wa kabichi. Angel akasema basi angalau auziwe benchi lenyewe, na mwenyekiti akamwuliza kwa upole kama kwao watu huuza mipaka. Angel akavuka barabara kwenda kwa Jafari, akaagiza vitanda vilivyonyooka.

Abdi akajibwaga kwenye benchi lake. Hoteli imekwenda, uwanja umekwenda, na jani la masale linamtekenya sikio. Mama Zipora akaja na jembe lake, akakaa kando yake, akapapasa ubao.

"Benchi zuri, mwanangu, sikufichi," akasema. "Ila rudisha miguu yako nyuma. Umeiweka kwangu."