Maji Yaliyoshiba Chumvi

Msimu ule Kaloleni yetu, hapa Voi, ilinuka dawa ya maji. Mabomba yalikuwa yamekauka tangu jua lilipokaza, na maji ya mikokoteni tuliyoyanywa yalitiwa klorini hata harufu yake ikakaa kwenye vikombe, kwenye uji, kwenye leso ya Bibi. Nyumba hadi nyumba watu walikuwa wakiharisha, na wakubwa waliutaja ugonjwa ule kwa sauti ya chini, kana kwamba ungeitika. Nilikuwa darasa la sita.

Mdogo wangu Rukia, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alianza kuharisha asubuhi. Mama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Miasenyi, alikouza matunda kando ya barabara kuu, na simu yake haikupatikana. Niliporudi kutoka shule adhuhuri nilimkuta Rukia mapajani mwa Bibi, macho yamedidimia, analia bila machozi. Bibi alikuwa amemtuma jirani atafute pikipiki ya kutupeleka hospitali. Kisha yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba maji ya chumvi ndiyo dawa, alichota konzi nzima ya chumvi akaitia katika kikombe kidogo cha maji. Maji yalikuwa haba, chumvi ilikuwa tele, na Bibi aliamini kwamba dawa kali ndiyo iponyayo. Alikoroga, akakoroga. Nyingine iliyeyuka, iliyobaki ilituama chini, nyeupe, na haikwenda popote.

Wiki ileile Mwalimu Mghoi, mama wa Kitaita asiyepandisha sauti hata akikasirika, alitutilia chumvi katika glasi ya maji, kijiko baada ya kijiko, mpaka ikafika mahali isiyeyuke tena. Alitueleza kwamba maji nayo hushiba, na yakishiba hayapokei zaidi, hata ukoroge mpaka jioni. Kisha akatuandikia ubaoni kipimo cha mtoto anayeharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Chumvi ikizidi, alisema, huvuta maji ya mwilini badala ya kuyarudisha.

Bibi akainua kijiko. Kwetu mtoto hakumsahihisha mkubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa hivyo tangu tukitambaa. Rukia, kwa kiu, akafungua mdomo. Nikaukamata mkono wa Bibi.

"Niachie," akasema polepole.

"Bibi, maji haya yameshiba chumvi. Yatamuua."

Neno hilo halitamkwi mbele ya mgonjwa. Nikaona uso wake ukibadilika, nikangoja kofi. Mkono sikuuachia. Nikamwomba aonje kwanza, yeye mwenyewe. Akakigeuza kijiko, akakitia kinywani mwake. Akatema kwenye ncha ya leso. Alikimwaga kikombe mlangoni, akanisogezea birika.

Ndani yake mlikuwa na nusu lita tu ya maji yaliyochemshwa, wala hapakuwa na mengine. Nikakigawa kipimo cha Mwalimu kichwani: sukari vijiko vitatu, chumvi robo. Nilirudia hesabu mara tatu, nikiogopa kwamba safari hii nitakayekosea ni mimi. Kijiko cha kwanza Rukia alikitapika. Tukangoja, tukaanza tena, tone kwa tone, Bibi akisoma dua chini kwa chini. Cha tano kilitulia tumboni. Pikipiki ilipofika, alikuwa amekwisha kunywa robo ya birika.

Hospitalini muuguzi aliuliza nani aliyemchanganyia mtoto maji. Nikainamisha kichwa.

"Ni huyu," Bibi akasema, mkono wake begani mwangu. "Mimi nilikuwa nakosea."

Rukia alilazwa siku tatu, akapona. Leo ni mama wa watoto wawili, anaishi Bomeni. Siku hizi dawa ile huja kwenye pakiti, imepimwa tayari, na mzazi hana haja ya kubishana na mtu. Nashukuru kwa hilo. Lakini Bibi, ambaye hakuwahi kuketi darasani, alimsikiliza mtoto wa darasa la sita, akaonja. Mimi nina vyeti ukutani na binti wa umri ule ule. Juzi alianza kunieleza mahali nilipokosea, nikamkatiza kabla hajamaliza.