Gunia Lililozidi Uzito

Kahawa iliyolala ndani ya maji ina harufu yake, chachu kama togwa iliyosahaulika jikoni, na kila ninapoikumbuka najiona niko nyumbani kwetu Hasamba msimu wa mavuno, baridi ya Mbozi ikinikata masikio. Nilikuwa na miaka kumi. Kazi yangu ilikuwa kulinda vichanja viwili vya kahawa: kuigeuza juani, kuifunika turubai jioni, na kufukuza kuku, maana kuku wetu hawakuwa na adabu hata kidogo. Mama, yeye, alikuwa ndiye meno ya kikundi cha wakulima. Msicheke. Kabla gunia la mtu yeyote halijapokewa ghalani, Mama alichukua punje akaiuma. Ikilia ka! imekauka, ikibonyea, rudi nayo nyumbani ukaianike. Hakuwa na upendeleo. Hata shangazi yangu alirudishwa, akanuna mpaka Krismasi.

Jumamosi moja wenzangu wakapita wakienda kukitazama Kimondo, lile jiwe la chuma lililodondoka Mbozi kutoka angani. Nani angebaki na kuku? Mama alikuwa ameniagiza nianze kujaza gunia kwa kahawa ya kichanja cha mbali, iliyokwisha kukauka. Kichanja cha mlangoni kilikuwa bado kinadai siku kadhaa za jua. Lakini jua la saa sita likishapiga, kahawa zote rangi ni moja, na mlangoni ni karibu. Nikakomba mabeseni mawili ya pale pale, nikayamimina ndani ya gunia. Mkononi niliusikia ubaridi wake. Nikajisemea, aah, kahawa ni kahawa, nikatimua mbio. Haraka haraka haina baraka, lakini mwambie hivyo mtoto aliyeitwa na wenzake! Nilifika, nikaegemeza shavu kwenye jiwe lile, nikajiona nimeigusa mbingu. Niliporudi, Mama alikuwa ameshalijaza gunia hadi juu kwa kahawa kavu na kulishona.

Ghalani, Mzee Nzowa aliyekuwa akipima alilitundika gunia letu la kwanza, kisha hilo la pili. Yalilingana kwa ujazo, lakini la pili lilizidi kwa kilo nyingi. Watu wakaanza maneno. "Ameweka jiwe!" akasema mmoja. "Anauma za wenzake, kumbe zake ana mambo!" Waliompenda Mama wakadai mzani umeharibika. Mzee Nzowa hakubishana na mtu. Akaleta mfuko wa mbolea wa kilo hamsini usiofunguliwa, akautundika, na mshale ukasimama kwenye hamsini. Mzani ulikuwa mzima. Basi gunia likamwagwa lote kwenye turubai mbele ya kadamnasi, wakapekua kwa mikono. Jiwe halikuwepo. Jiwe lingepatikana, Mama angefukuzwa kikundini, lakini mimi nilijua vizuri kwamba halipo, na kwamba uzito umetoka kwenye mabeseni yangu mawili.

Mama akainama, akaokota punje iliyotoka chini ya gunia, akaiuma. Haikulia. Akaokota nyingine. Kimya. Akaniangalia kidogo tu, akamgeukia Mzee Nzowa: "Kosa ni langu, mzee. Sikuangalia vizuri." Tukarudi na gunia letu. Kuanzia siku ile kazi ya kuuma kahawa akapewa mtu mwingine, na Mama hakuirudia tena. Mimi sikusema neno. Niliona aibu, na aibu hiyo nikakua nayo.

Siku hizi ghalani kuna kipimo cha unyevu, kinatoa jibu kabla hujapepesa macho, hakuna anayevunja meno. Mimi nafundisha fizikia hapa Tunduma. Tukifika kwenye ulimwengu, nawaambia wanafunzi kwamba nyota za pembezoni katika makundi makubwa ya nyota huzunguka kwa kasi mno. Kwa uzito tunaouona, zingekuwa zimeshatawanyika. Kuna kitu kinazishika, hakitoi mwanga wala hakiuzuii, na wataalamu wanakiita maada ya giza. Wanafunzi hunikaba: "Mwalimu, kama hakijaonekana, wanajuaje kipo?" Hapo huwasimulia habari ya gunia. Wataalamu wengi wanasema ndani mna kitu, wachache wanasema mzani, yaani kanuni zetu za uvutano, ndio wa kurekebishwa. Wameweka mitambo ya kukinasa chini ya milima, wamepekua, bado. Mimi sina wasiwasi, kitajulikana, maana uzito hauji bure. Lakini kila mwaka hadithi yangu niliikatisha kwenye mzani.

Mwezi uliopita Mama alikuja kunisalimia, nami nikamweleza habari hizo za nyota, na jinsi ninavyozifundisha kwa mfano wa gunia letu. Akatafuna karanga zake, akafikiri.

"Na mtoto aliyekuwa analinda kichanja," akaniuliza, "wameshamuuliza?"

"Mama, kumbe ulijua?"

"Mwanangu, beseni uliliacha mlangoni na punje mbichi ndani; kule ghalani ndipo nikaelewa. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Miaka thelathini! Nikapiga magoti pale pale sebuleni, nikamwomba msamaha huku nalia, mtu mzima na mvi zangu. "Haya, inuka," akasema, "chai inapoa."

Jumatatu nikaingia darasani nikaanza tena habari ya gunia, na safari hii nilianzia kwenye beseni.