Saa ya Wakili Yenye Kizunguzungu

Mmenisumbua vya kutosha. Tangu mwezi uliopita kila anayepita mlangoni kwangu ananiambia, bibi, andika ile habari ya fundi saa, kana kwamba mimi na kalamu tulinyonya ziwa moja. Shule niliiona kupitia dirishani, na kuandika nilijifunza nikiwa tayari na wajukuu. Lakini mkimwachia fundi aisimulie ataitia chumvi, na mkimwachia binti yake ataikata iwe fupi kama kucha. Basi naandika mimi, na nikikosea herufi mnyamaze.

Fundi ni mdogo wangu, tumbo moja, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Duka lake liko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, mahali ambapo watu wenye akili wangeweka mafagio. Akiinuka ghafla anagonga kichwa kwenye ngazi ya saba. Ameigonga miaka thelathini na minane na bado kila mara anaitazama kwa mshangao. Ana meza ya kioo, taa yenye shingo ndefu, vibano saba vilivyopangwa kwa urefu kama watoto mstarini, na lenzi ambayo anaibana jichoni hadi imemwachia duara usoni. Kazi inayoingia siku hizi ni kubadilisha betri tu, naye huifanya ameangalia pembeni, kama anayemwogesha mbwa wa jirani. Saa ya betri, husema, si saa, ni tochi yenye mishale.

Ila mikono imeanza kumtetemeka. Akishika kikombe, chai nusu inakwenda kwenye kisosi. Binti yake, ambaye kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia kwenye kliniki ya mtaa wa pili, aliliona hilo mapema na hakunyamaza. Pumzika, baba. Funga duka, baba. Alimkalia kooni hadi siku moja mzee akaapa mbele yetu kwamba siku atakayofungua saa akashindwa kuifunga, atamkabidhi ufunguo wa duka na wala hatatia neno. Aliapa kwa kuwa alijua hatashindwa. Binti alikubali kwa kuwa alijua atashindwa. Mkaidi kamzaa mkaidi.

Jumatatu moja akaja wakili, mtu wa tumbo na haraka, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alivua saa, akaiweka juu ya meza, akasema jambo, pikipiki ikapita nje, akasema jambo jingine, akaondoka akiwa bado anagombana na simu. Atarudi Ijumaa. Katika yote aliyosema, fundi, ambaye sikio lake la kulia lilishastaafu, alidaka sentensi moja tu: kuwa mwangalifu, hiyo ina kizunguzungu.

Akachukua kikaratasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Jina: Wakili. Tatizo: kizunguzungu.

Sasa mjue, kuna saa za matajiri zenye mtambo ambao kwa lugha ya waliouvumbua unaitwa turbiyoni, maana yake kama kimbunga. Wakili ulimi ulimshinda, akaupa jina lake la nyumbani. Yeye alikuwa anaisifia saa. Fundi akaandika ugonjwa.

Jumatano asubuhi akaifungua kwa nyuma. Akabana lenzi, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Katika kila saa aliyowahi kuishika lile gurudumu dogo linalopigapiga kama moyo hukaa mahali pamoja siku zote. Hili lilikuwa limo ndani ya kizimba chembamba kama uzi wa buibui, na kizimba kizima kilikuwa kinazunguka, moyo na vyote vilivyomo, taratibu, kama mgonjwa anayetafuta choo gizani. Fundi akajipigapiga paja kwa furaha. Kweli ina kizunguzungu, akasema peke yake. Moyo umeng'oka.

Akaona dawa ni moja, kukipigilia kizimba kitulie. Kipande cha chuma kilichokishikilia kilikuwa na skrubu tatu, ndogo kuliko chawa. Akatoa ya kwanza. Akatoa ya pili. Kabla ya ya tatu akainua macho kuangalia saa ya ukutani, maana ana desturi ya kuandika saa anayoanza kazi kubwa. Alipoinama tena kizimba kilikuwa kimerudi palepale kilipokuwa dakika moja kabla. Akakihesabia mzunguko. Sekunde sitini. Akahesabu mwingine, sitini. Akahesabu mizunguko kumi huku jasho linamtoka, maana kitu kilicholegea hakitunzi ahadi kiasi hicho.

Ndipo akaelewa, na hakuna aliyemfundisha. Maisha yake yote amekuwa akiwaambia wateja: ukilala, saa ikikimbia isimamishe kwa ubavu, ikichelewa ilaze chali. Saa inavuta mwendo tofauti kila inapogeuzwa, kwa sababu uzito unauelemea moyo upande mmoja. Sasa huyu aliyeunda hii alichoka kuwasubiri watu waigeuze, akaufanya moyo ujigeuze wenyewe kila dakika, ukosee pande zote sawasawa hadi makosa yafutane. Fundi akavua lenzi akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Kidogo tu angeupigilia msumari.

Zikabaki skrubu mbili za kurudisha. Ya kwanza ilimla saa tatu. Ya pili ikagoma.

Binti alimkuta saa kumi na moja jioni, alipopita kumchukua watembee nyumbani. Chakula cha mchana hakijaguswa. Akaiona saa iko wazi, akauona na mkono wa baba yake.

"Baba, hiyo skrubu imeanguka mara ngapi?"

"Haijaanguka. Inapumzika."

"Imepumzika mara ngapi?"

"Nne."

Akaweka mkoba chini, akanawa mikono, akamwambia asogee. Mzee hakusogea, ila alihamisha kiti kidogo, jambo ambalo yeye anasema ni tofauti.

"Usishike kibano kama unang'oa jino."

"Mimi sing'oi, baba. Mimi napachika."

Basi yeye akawa macho, binti akawa mkono. Kushoto kidogo. Ngoja kizimba kipite. Sasa. Ikikataa usiilazimishe. Skrubu ikaingia kana kwamba inarudi kwao. Mzee akapokonya mfuniko haraka haraka, akaukandamiza mwenyewe hadi ukalia. Halafu binti akanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Nimeifunga."

"Umefunga mfuniko."

Wakabishana njia nzima, lakini ufunguo ulilala kwa binti, na Alhamisi fundi alisimama nje ya duka lake mwenyewe kama mteja, akisubiri kufunguliwa.

Ijumaa binti aliomba ruhusa kazini ili awepo. Wakili akafika, akaishika saa, akauliza mbona kijiti cha mkanda hakijabadilishwa. Kijiti gani? Kile kinachoshika mkanda kwenye saa, nilikwambia Jumatatu, kimelegea, ndiyo maana nikasema uwe mwangalifu. Fundi akatazama kikaratasi chake. Angeweza kunyamaza. Kijiti ni kazi ya nusu dakika, na saa ilikuwa inakwenda vizuri kabisa.

"Mheshimiwa," akasema, "nimeifungua."

Wakili akabadilika rangi. Fundi akamweleza yote, skrubu, kizimba, kuhesabu, uzito na moyo unaojigeuza, mikono yake ikizunguka hewani, na wakati huo haikutetemeka hata kidogo. Wakili akazima simu yake. Akavuta kile kigoda cha wateja.

"Miaka sita naivaa," akasema. "Watu wakiniuliza kile kitu kinazunguka kwa nini, nasema ni urembo."

Akataka aelezwe tena, polepole. Mzee akavimba. Akaona amepata shahidi, akamtupia na kesi ya ufunguo. Wakili akaamua papo hapo, kwa sauti ya mahakamani, kwamba kufungua ni kutoa mfuniko na kufunga ni kuurudisha, na aliyeurudisha ni fundi. Binti akasema hakimu mwenyewe ni mteja, hukumu imeoza.

Hakumrudishia. Alikwenda kuchonga ufunguo wa pili, akampa baba yake huo mpya, ule wa zamani akabaki nao. Siku hizi akitoka kliniki anapitia chini ya ngazi, anaingiza skrubu za siku nzima, na saa za kutia ufunguo zimeanza kurudi. Baba anawaambia watu kwamba binti ni mwanafunzi wake. Binti anawaambia baba ni mwajiriwa wake. Ugomvi haujaisha na chakula changu kinapoa wakiwa wanabishana.

Basi wewe uliyeng'ang'ania niandike, hutanisoma bure. Keti sasa hivi uniandikie, saa ile aliifunga nani. Na uandike kwa herufi kubwa, nijisomee mwenyewe.