Karani Anayeshusha Presha kwa Jembe

GEITA, Januari 1956 – Saa moja asubuhi, Jumamosi, na ngoma imeshapamba moto shambani. Watu ishirini wamejipanga mstari. Majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja, udongo mwekundu unaruka. Hawa ni bagobogobo, Wasukuma wanaolima huku wakicheza.

Katikati ya mstari yumo bwana mmoja mwenye kitambi, suruali imekunjwa hadi magotini, jasho linamtiririka. Anachelewa pigo moja, na mstari mzima unaangua kicheko.

"Shemeji, inama! Hilo ni jembe, si kalamu!" anapaza sauti Selestine, kiongozi wa kikundi na kaka wa mke wa bwana huyo.

"Nainama, shemeji! Tumbo ndilo linakataa!"

Huyo ni Kalisti Mageni, miaka arobaini na mitatu, karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu. Karani kushika jembe mbele za watu! Mjini wamemcheka mpaka wamechoka. Lakini leo saa nne daktari wa mgodi anampima presha, na kipimo hicho ndicho kitakachoamua kama atapewa ukarani mkuu au atarudishwa kijijini kwao Samuye kabla ya wakati wake wa kustaafu.

Yote yalianzia kwenye chumvi. Wachimbaji wanaoshuka chini ya ardhi hutoka jasho jingi, kwa hiyo mgodi huwagawia chumvi, na mgawaji ni Kalisti. Naye akapiga hesabu zake.

"Niliona wenzangu wanaila na wanapasua mwamba," anasema. "Nikajiambia, mimi ninayekaa kitini tu, nikiila itabaki yote mwilini. Nitakuwa simba!"

Basi kwa miaka sita akawa anakoroga kijiko kizima kwenye uji wa asubuhi. Nyama ilikuwa ya kila siku, na ofisini, hatua mia mbili kutoka nyumbani, alikwenda kwa baiskeli. Kitambi kilipotokeza, watu walimpongeza. Karani mwembamba nani atamwogopa?

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kichwa kikaanza kumgonga, macho yakaona ukungu. Septemba iliyopita karani mkuu, Herman, aliyekuwa akilalamikia kichwa hichohicho, aliangukia meza yake akiandika barua. Hakuinuka tena.

"Nilimfumba macho mimi," anasema Kalisti, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki.

Kesho yake alikwenda kupimwa: mia moja tisini na nane juu ya mia moja kumi na tano. Daktari alimpa vidonge, akamkataza chumvi, akamwambia aanze kutembea, kisha afanye kazi ya kutoa jasho. Mkewe, Mama Zipora, ndiye aliyeificha chumvi na kumkabidhi mumewe kwa Selestine akalime.

"Alinuna siku tatu, eti mboga haina ladha," anasimulia mama huyo. "Nikamwambia, Baba Zipora, bora unune ukiwa hai."

Saa nne. Mwandishi wa habari hizi amesimama mlangoni mwa zahanati, moyo unamdunda utadhani anapimwa yeye. Daktari anamfunga Kalisti kitambaa mkononi, anabinya mpira, anasikiliza. Anarudia tena.

"Mia moja arobaini na sita," anatamka, "juu ya tisini na mbili. Kazi unaiweza."

Mama Zipora anapiga vigelegele mpaka wagonjwa walio kwenye foleni nje wanaitikia bila kujua kuna nini! Daktari mwenyewe anacheka, ingawa anaonya kuwa ugonjwa huu haufukuzwi mara moja, na kila mwezi lazima arudi kupimwa.

Kufikia mchana makarani watatu wameshaomba nafasi kwa bagobogobo. Kalisti atawapeleka Jumamosi ijayo. Je, ukarani mkuu ndio ulikuwa ndoto yake?

"Nimeupata, nashukuru," anajibu. "Lakini siku ninayoingoja hasa ni ya kustaafu. Herman alitoka ofisini amebebwa na watu wanne. Mimi nataka nitoke kwa miguu yangu."