Kwenda Jego Kutafuta Shabaha

Niliondoka Kwale kwa sababu ya risasi saba. Nilipewa kumi siku ile kwenye uwanja wa shabaha, kwa umbali wa yadi mia tano. Tatu za mwanzo ziliingia kwenye duara jeusi. Saba zilizofuata zilikwenda kushoto, nyingine nje ya ubao kabisa. Kwa yadi mia mbili sikuwa na wasiwasi na mtu yeyote. Lakini askari wa boma aliyeshindwa yadi mia tano mara mbili mfululizo alivuliwa bunduki, akapewa rungu na kusimamishwa langoni. Mimi nilikuwa nimeshindwa mara moja, na jaribio la pili lilikuwa baada ya siku kumi na mbili.

Chirau, askari mwenzangu aliyelala kando yangu siku hiyo, alinipa pole ya aina yake. "Usihuzunike, Hamisi," alisema. "Rungu halishiki kutu. Hata kulisafisha hutalisafisha."

Mimi niliushtaki upepo. Uwanja wetu ulitazama kaskazini, bahari ikawa upande wa kulia, na upepo wa baharini, kwa hesabu yangu, ulikuwa ukisukuma risasi kushoto. Niliangalia vilele vya minazi, kama tulivyofanya sote, nikalenga kulia kidogo. Bado zikapotea. Sajini wangu, mtu mpole, aliniambia kuwa Jego kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Koplo Bakari, keya wa zamani, yaani askari wa KAR, ambaye katika vita vya Burma alichaguliwa kupiga masafa marefu. Akanipa ruhusa ya siku nne. Bunduki ilibaki ghalani. Wakati ule wa Hali ya Hatari askari hakuruhusiwa kwenda likizo na hata ganda la risasi.

Jumatatu alfajiri. Mke wangu Mwanasiti alinifungia vitumbua vya njiani. Binti yetu Mwanaidi, mwenye miaka mitatu, alinyoosha mkono wa kushoto akitaka kimoja. Nikakihamishia mkono wa kulia, nikamwambia, "Huo mwingine si wa kulia chakula, mama." Kikamponyoka. Aliinama akakiokota kwa kushoto tena.

"Huyu atataka kufungwa kitambaa," alisema mama yangu kutoka jikoni.

Nikawaaga, nikateremka kilima kwa miguu mpaka Kombani.

Saa sita mchana, Ukunda. Lori lililonichukua lilisimama kupakia magunia ya mbata, nazi zilizokaushwa, na dereva akasema kazi hiyo ingechukua saa nzima. Nilitembea hadi ufukoni Diani ili niutazame upepo ulioniharibia jina. Vilele vya minazi vilikuwa vimelala upande wa bara, vikivuma. Lakini chini, juu ya mchanga, majani makavu hayakuwa yakitikisika. Niliyaona yote mawili, nikayaandika katika daftari langu, wala sikuuliza kwa nini hayapatani.

Jioni, Msambweni. Nililala kwa shangazi yangu Mwanakombo. Alinipa wali kwa samaki, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Serikali inakulisha mwaka wa sita huu, na bado hujui kupiga?"

"Najua, shangazi. Nakosa tu."

"Basi na mimi najua kupika. Ni chumvi tu inayonishinda." Alinisukumia sahani. "Kula. Huyo Koplo simjui, lakini aliyeshiba husikia vizuri."

Jumanne. Nilipata lori la miwa hadi Ramisi, basi hadi njia panda ya Vanga, na kutoka hapo nikaenda kwa miguu kati ya mashamba ya mpunga. Nilifika Jego alasiri. Nilikuwa nimejitayarisha kumkuta mtu mwenye medali kifuani. Nilimkuta mzee mwembamba ameketi juu ya dungu la kulindia ndege katikati ya mpunga, ana kombeo mkononi, akiwatupia ndege madongo ya udongo.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba. Usisimame hapo, unanizibia." Dongo lilipita karibu na sikio langu na kundi la ndege likaruka mbali sana, karibu na mikoko. "Umetumwa na nani?"

Nikamweleza juu ya risasi saba, upepo na minazi. Aliinua uso kidogo.

"Unatazama vilele vya minazi?"

"Ndiyo. Sote tunatazama."

"Risasi yako hupanda mnazi?"

Nikageuka kuitafuta minazi.

"Hupita kimo cha nyasi, mwanangu. Tazama nyasi. Huko juu upepo una shughuli zake." Akanitazama kwa makini zaidi. "Lakini upepo haungoji risasi tatu ziingie kwanza ndipo uanze kuvuma. Wewe una ugonjwa mwingine."

Jumatano, tangu jua lilipochomoza mpaka adhuhuri. Koplo alitoa nyumbani kwake bunduki ya mti, aliyoichonga mwenyewe kwa gogo la mkoko, yenye kifyatulio cha mti. Nililala juu ya ukingo wa shamba. Akaweka ganda moja la kauri juu ya mtutu, akaniamuru nitoe nusu ya pumzi, niizuie iliyobaki, na nivute kifyatulio taratibu mpaka kifyatuke bila kauri kuanguka. Ilianguka mara nyingi sana. Kila ilipoanguka aliirudisha, kisha akageuka kuwarushia ndege dongo. Mwishowe ikatulia mara tatu mfululizo, mara ya nne ikaanguka, na ya tano, na ya sita.

"Inuka," alisema.

Aliniambia nikutanishe viganja niache tundu dogo katikati, na kupitia tundu hilo nitazame kigingi kilichosimama upande wa pili wa shamba. Nikakiona. "Fumba la kulia." Kigingi kikabaki palepale. "Fumba la kushoto." Kigingi kikatoweka, kana kwamba mtu amekiondoa.

"Ulipokuwa mdogo ulishika kijiko kwa mkono gani?"

Swali lile lilinirudisha mbali. Nilikumbuka chuo cha Kurani, na mwalimu aliyenifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa nisiguse msahafu nao. Nikamkumbuka mama akifanya hivyohivyo wakati wa chakula, siku baada ya siku, bila hasira, kama mtu anayenyoosha mche uliopinda. Kilichofungwa kilikuwa mkono. Jicho hakuna aliyelifunga.

"Wewe ni mashoto," alisema Koplo. "Jicho la kulia ulilazimishwa kulitumia. Ukilifumba la kushoto, la kulia hujitahidi risasi tatu, kisha huchoka. Hapo la kushoto hufumbuka bila idhini yako na kuchukua shabaha, na bunduki iko bega jingine. Zitakwenda wapi, kama si kushoto?"

Mchana wote niliiweka bunduki ya mti bega la kushoto. Ilikaa kama iliyozaliwa hapo. Kauri haikuanguka. Nilihesabu mara thelathini, nikaacha kuhesabu. Nilicheka peke yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya uwanja. Koplo hakucheka.

"Nimekuonyesha ugonjwa," alisema. "Sikusema nina dawa. Mpini wa kukokia uko upande wa kulia wa bunduki. Na katika mstari askari wote hulala upande mmoja. Watakukubalia?"

"Wewe hawakukukubalia mambo yako?"

"Vitani walinikubalia mengi, kwa sababu adui alikuwa mbele. Kwenu adui hayupo. Kuna mstari tu." Alichukua kombeo lake. "Nami adui alipokwisha, walichukua bunduki yao wakaniachia kofia. Nenda ukajaribu. Usije ukasema nilikukataza."

Alhamisi nilirejea kwa njia ileile niliyoijia. Sikuiona njia. Mikononi nilikuwa nimeshika hewa kama bunduki, begani kushoto, nikilenga vigingi vya barabara mpaka abiria mmoja akahama kiti.

Kwale, siku mbili kabla ya jaribio. Sajini alinipa risasi tano asubuhi na mapema. Nililala na bunduki bega la kushoto. Nilikuwa mzito wa kukoki, kwa sababu mkono ulilazimika kuvuka juu ya bunduki, lakini nne kati ya tano ziliingia kwenye jeusi kwa yadi mia tano. Chirau alikuwa akitazama kwa darubini. Hakusema neno, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimepiga vizuri.

Bwana mkubwa wetu, Mzungu wa boma, alikuwa amesimama nyuma yetu. "Wewe napiga na mkono gani?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Wa kushoto, Bwana. Zimeingia nne."

"Askari yangu yote napiga kulia. Mstari moja."

Sajini alivitazama viatu vyake.

Siku ya jaribio nililala kulia. Tatu zikaingia. Nilipoanza kuvuta ya nne nilihisi jicho la kushoto likitikisika, nikajua linakuja. Nilikuwa nimejiwekea kitambaa mfukoni. Nikakitoa, nikalifunga jicho hilo mwenyewe. La kulia likabaki peke yake, likatoa machozi, na ubao ukageuka ukungu. Sita zilizofuata zilikwenda kila upande. Ya mwisho sijui ilikwenda wapi. Chirau aliniambia, kwa sauti ya chini na bila mzaha, "Fungua kitambaa, ndugu yangu. Wamekwisha kuandika."

Sasa ninasimama langoni. Nimejifunza kutazama nyasi badala ya minazi, kuzuia nusu ya pumzi, na kuvuta kifyatulio bila kuangusha kauri. Nimejifunza pia kwa nini nilikosa. Sikujua kabla ya safari kwamba mtu anaweza kuupata ukweli wote wa jambo lake na ukawa hauna kazi yoyote mikononi mwake.

Jioni ya siku yangu ya kwanza langoni, nilipotoka zamu, nilimkuta Mwanaidi mkekani mbele ya sahani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kifuani kwa kipande cha leso.

"Mwache, Mama," nilimwambia mama yangu.

"Nimwache, watu waseme hakulelewa? Wewe hukufungwa? Kimekupata nini?"

Mwanaidi alinitazama, akanyoosha mkono wa kulia kuchukua kitumbua, kikamponyoka. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni, na rungu lilikuwa mkononi mwangu, mkono wa kulia.