Shujaa Aliyekosa Matanga

Juzi nilikuwa katika duka la filamu sokoni Ndhiwa, nikingoja nyimbo za kanisa ziingizwe kwenye fleshi yangu. Mama mmoja akaingia na wajukuu wawili, akaonyesha picha ya shujaa mwenye barakoa nyeusi.

"Watoto wanataka huyu. Anawafaa?"

"Hiyo ni nzito, mama," mwenye duka alisema. "Shujaa alifiwa na mama yake, sasa anaruka juu ya mapaa akipiga watu."

Mama aliwatazama wajukuu. "Hawa pia tulizika mama yao mwezi wa nne." Akaielekezea picha kidole. "Huyo, kwao hakukuwa na matanga? Hakuna jirani aliyekuja kulala?"

Mwenye duka alikuna kichwa. "Ana mashine nyingi. Majirani sijaona."

"Ndiyo maana anapiga watu. Weka. Nitakaa katikati yao, wakiuliza nitawajibu."

Nilipomzika mke wangu, majirani walijaa bomani kwangu wiki nzima, wakamaliza sukari yote na kuimba vibaya. Nilinung'unika. Sasa namshukuru Mungu kwa ajili yao, maana bila wao, mimi na magoti yangu haya mabovu tungekuwa juu ya mapaa ya Homa Bay.