Wimbo wa Ufunguo wa Choo

Kiwandani walimwita Cherehani, kwa sababu akianza kusema, uzi haukatiki. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja akishona kola za sare za shule, katika ukumbi wenye mashine sitini na choo kimoja cha wanawake. Ufunguo wa choo hicho msimamizi aliuvaa shingoni kwa kamba ya viatu. Ukiutaka, unanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, naye anatazama saa.

"Dakika tatu," anasema. Ukiomba tena, anakwambia ungoje mapumziko.

Mashine ya jirani ilikuwa ya Mama Vifungo, mtu mzima mwenye kisukari. Siku moja alinyoosha mkono mara tatu, na mara ya tatu msimamizi akajifanya haoni. Mama wa watu akajikojolea pale pale kitini, mbele ya wasichana wa kuwazaa. Akainuka, akajifunga kipande cha kitambaa cha sare kiunoni, akatoka. Hakurudi tena.

Mchana ule Cherehani hakutia kitu mdomoni. Alipanda juu ya benchi uani akaimba kwa hasira:

"Bwana funguo, nifungulie,
kibofu changu hakijui saa;
bwana funguo, nihurumie,
leo mkojo utaleta balaa."

Fundi mitambo akamrekodi kwa simu, akampelekea binamu yake mwenye studio. Huyo akatia tarumbeta, akatia na mlio wa bomba linalovuja. Haikupita wiki mbili, nchi nzima inacheza imebana magoti. Mtangazaji wa redio alicheka mpaka akashindwa kusoma taarifa. Sokoni watu walimzuia Cherehani njia: "Dada, hebu tubanie kidogo!"

"Mnacheka nini?" aliwauliza.

Ndio kwanza wakazidi kucheka.

Akaenda kwa Mama Vifungo. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mapazia yameshushwa mchana kweupe.

"Mwanangu, nilikukosea nini?"

"Mama, mimi nilimwimba yule bwana!"

"Yule bwana hakuna anayemwona kwenye wimbo. Wanachokicheka ni mkojo wangu. Wajukuu zangu wanauimba humu ndani, hawajui kuwa ni bibi yao."

Cherehani akaaga, akatoka.

Wiki iliyofuata msimamizi alimjia meno yote nje. "Msanii wetu! Ijumaa tuna wageni wa kampuni. Wewe utaimba, mimi nitacheza ile ya kubana."

"Nitaimba," alisema.

Ijumaa, tarumbeta ilipolia, msimamizi alikuwa tayari amebana magoti katikati ya ukumbi, wageni wakipiga makofi. Cherehani alishika kipaza sauti.

"Zimeni muziki." Ukazimwa. "Choo chenyewe kile pale. Ufunguo wenyewe ule, shingoni mwa huyo anayecheza. Mama mgonjwa aliuomba mara tatu akanyimwa, akajikojolea mbele yetu. Tukakaa kimya, mimi nikiwa wa kwanza."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko.

"Cheka," Cherehani akamwambia. "Nakungoja umalize."

Hakuna aliyecheka tena. Mpiga pasi, mwanamke ambaye kwa kawaida hata salamu huijibu kwa kichwa tu, alitoka mahali pake akaenda mpaka kwa msimamizi. Hakunyoosha mkono juu, alikinga kiganja. "Lete." Msimamizi akamtazama mwenye kiwanda, aliyekaa na wageni. Mwenye kiwanda akatazama viatu vyake. Ufunguo ukatoka shingoni, na Jumatatu kitasa kikang'olewa.

Cherehani alimpelekea Mama Vifungo habari hizo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini wimbo ukishatoka, haurudi tumboni."

Cherehani alipotoka, wimbo ulikuwa unapigwa nyumba ya pili. Alibisha mlango wa watu asiowajua, akamwambia kijana aliyefungua, "Zima." Kijana alimtazama usoni, hakuthubutu kuuliza kwa nini. Akazima.